Kabla hujasaini: mshahara wa hoki ya ligi ndogo na ada ya chuo

Kazi yangu ni kushughulikia ada na ufadhili katika chuo kikuu kimoja hapa Kanada. Kwa kuwa nazungumza Kiswahili, familia za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania mjini kwetu huniletea karatasi za watoto wao nizisome. Watoto hao walifika hapa wadogo au walizaliwa hapa hapa, wakajifunza kuteleza barafuni kama wenzao, na sasa wana miaka kumi na minane, wakala hakauki kwenye simu, na baba anauliza: huo mchezo unalipa shilingi ngapi? Swali zuri sana. Ninawaandikia nyinyi mnaoanza safari hiyo, wadogo zangu, na wazazi wenu wakisoma nao si vibaya.

Juu kabisa iko NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ambako hata mchezaji anayelipwa kidogo kuliko wote alikuwa anapata dola 775,000 za Marekani msimu wa 2025-26. Hiyo namba kila mtu anaijua, na ndiyo inayoharibu mazungumzo nyumbani. Chini yake ipo AHL, timu 32, kila moja imeshikamana na timu ya NHL. Kima cha chini huko kwa miaka ya karibuni ni dola elfu 50 na ushee kwa msimu. Mtu anaishi. Shuka tena ngazi moja ufike ECHL, na hapo ndipo wengi wanaojiita wachezaji wa kulipwa wanapoangukia.

ECHL inalipa kwa wiki. Mchezaji mpya amekuwa akianzia dola 500 na ushee, kabla ya kodi. Msimu unaanza katikati ya Oktoba na kwisha katikati ya Aprili kama hamkuingia mtoano. Tuseme dola 550 kwa wiki 26: ni dola 14,300. Klabu inakupa pa kulala msimu ukiendelea, kwa kawaida fleti mnayochangia, na vifaa vya mchezo. Kuanzia Mei hadi vuli hakuna mshahara. Tena hizo wiki 26 ni za yule aliyebaki kikosini mwanzo hadi mwisho. Mkataba wa ligi hii haukulindi: klabu inaweza kukutema Jumanne, au kukuhamishia jimbo jingine Jumatano, na ukifika huko unaanza kugombea namba upya.

Jambo moja wasilolifikiria vijana wa Kanada: timu nyingi mno za ligi hizi ziko Marekani. Viza ya mwanamichezo inakuruhusu kucheza, basi. Huwezi kuongezea kibarua cha jioni dukani, na mke akikufuata kama tegemezi haruhusiwi kufanya kazi. Fedha yenyewe ndiyo hiyo ya wiki.

Sasa tugeukie upande wa pili wa hesabu, ambao wakala huupitia haraka haraka.

Ukicheza ligi za vijana za Kanada zilizo chini ya CHL (yaani WHL, OHL na ile ya Quebec), umri wa miaka 16 hadi 20, unapewa posho ndogo tu. Posho hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwaka 2014 wachezaji walifungua kesi ya pamoja wakidai kima cha chini cha mshahara, na mwaka 2020 yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 30 za Kanada, ingawa majaji waliyakataa kwanza kabla ya kurekebishwa. Lakini pamoja na posho kuna ufadhili wa masomo. Katika WHL, kila msimu uliocheza unakununulia mwaka mmoja wa ada na vitabu. Misimu minne, miaka minne. Huo ni mshahara wako, mdogo wangu. Umeshaufanyia kazi kwa magoti na meno yako. Umewekwa tu pembeni ukisubiri uuchukue.

Ila hausubiri milele. Kuna muda wa mwisho wa kuanza kuutumia, na kuna mikataba ambayo ukiisaini, ufadhili unapungua au unakufa kabisa. Masharti yanatofautiana kati ya ligi na ligi, na hata kati ya mchezaji na mchezaji, kwa sababu yanaandikwa kwenye mkataba uliosainiwa ukiwa na miaka kumi na sita, wakati mzazi wako pengine Kiingereza kilikuwa bado kinampiga chenga. Tafuteni karatasi hiyo leo. Iko kwenye droo fulani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na mawakala. ECHL inaweza kukungoja. Kila mwaka inachukua vijana wa miaka 23 na 24 waliomaliza shahada, kutoka vyuo vya Marekani na vya Kanada. Ufadhili haungoji. Anayekimbilia dola 550 za wiki akiwa na miaka ishirini na moja anadhani amechagua hoki badala ya shule, kumbe hoki ingemkuta palepale baadaye, ila ada ingekuwa imelipiwa. Mimi huwaona wakiwa na miaka ishirini na saba, goti limekwisha, wakiuliza kama ile barua ya zamani ya ufadhili bado inafanya kazi. Mara nyingi jibu ni hapana, na tunaanza kujaza fomu za mkopo.

Usidanganywe pia kwamba hoki ya vyuo vya Kanada ni ya walioshindwa. Msimu wa 2023-24 timu ya Chuo Kikuu cha New Brunswick ilicheza mechi 43 ikashinda zote 43, pamoja na ubingwa wa taifa, na kikosi kilijaa vijana waliotoka CHL. Wengine wao waliendelea na hoki wakiwa na shahada mkononi.

Kuna habari mpya zaidi. Zamani, aliyecheza CHL alihesabiwa amelipwa, hivyo vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, vilikuwa vimemfungia mlango. Novemba 2024 NCAA ilibadilisha kanuni, na kuanzia Agosti 2025 mlango ukawa wazi. Gavin McKenna, nyota wa timu ya Medicine Hat ya WHL, akavuka mwaka huohuo kwenda chuo kikuu cha Penn State. Sasa linganisha: mwaka mmoja katika chuo binafsi cha Marekani, ada, chumba na chakula, unaweza kupita dola 80,000. Ukipewa ufadhili kamili mahali kama hapo, umepata mara tano ya ule mshahara wa ECHL, hata kama hushiki noti. Zingatia mambo mawili. Vyuo vya Ivy League, yaani vile vinane vya kifahari kama Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vinaangalia uwezo wa familia, na kwa familia zetu nyingi hilo ni afadhali. Na ukisaini mkataba wa NHL, habari ya NCAA imekwisha.

Je, kuna wakati wa kuchagua fedha kwanza? Upo. Timu ya NHL ikikupa mkataba wake yenyewe, na mshahara wa AHL umeandikwa humo kwa miaka mitatu, chukua. Ofa ya majaribio ya wiki mbili kwenye kambi si kitu hicho, hata wakala akiipamba vipi.

Wazee wa Kanada wakibisha, wakumbusheni Ken Dryden, kipa aliyefariki 2025. Alianza kuidakia Montréal ya NHL akiwa ameshahitimu chuo kikuu cha Cornell. Alisoma sheria chuo kikuu cha McGill huku akidaka, na klabu ilipokataa kumlipa anachostahili, akasusia msimu mzima wa 1973-74 akafanya kazi katika ofisi ya mawakili Toronto. Klabu ikalegea, akarudi, akamaliza na makombe sita ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL, na baadaye akawa waziri. Angesusaje bila mahali pengine pa kwenda?

Mabinti, kwenu hesabu ni fupi. Ligi ya wanawake ya PWHL ilianza Januari 2024 na mshahara wa chini wa dola 35,000, na wengi wa wachezaji wake wamepitia vyuoni. Sarah Nurse, kwa mfano, alitokea Chuo Kikuu cha Wisconsin. Nendeni chuo.

Na wewe ambaye umeshasaini ECHL na uko ndani ya basi usiku huu: kuna Chuo Kikuu cha Athabasca, Alberta, kinachofundisha kwa masafa. Masomo yake mengi ya shahada ya kwanza unayaanza tarehe mosi ya mwezi wowote, na somo moja unapewa miezi sita kulimaliza. Andikisha moja. Kabla hujalipa, tuma barua pepe kwa chuo unachotaka kuhamia baadaye uulize kama watalihesabu, na uombe wajibu kwa maandishi.