Mahindi yamepanda: ni msimu tu, au njaa inakuja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaohifadhi mahindi, Uyole, Mbeya. Kila wiki naandika bei za Uyole na Mwanjelwa kwenye Eksel. Julai debe lilikuwa shilingi 10,000, sasa Januari ni 16,000. Wenzangu wanasema njaa imeingia, tufungue ghala tugawane. Nitajuaje kama ni njaa kweli?

Jibu: Marahaba, mama katibu. Kabla ya hesabu yoyote naomba uniambie: debe la nani? Julai, mahindi yakiwa tele, muuzaji anakujazia hadi kichuguu kinamwagika. Januari huyohuyo anapitisha kijiti juu, debe linakuwa bapa. Bei umeiandika, kilo zimekupita. Nunua debe moja katika kila soko, lipeleke kwenye mizani, kisha andika bei kwa kilo. Tuseme la Julai lilikuwa na kilo 18 na la sasa lina 16: umetoka takriban shilingi 556 kwa kilo hadi 1,000. Hapo mahindi yamepanda kwa asilimia 80, siyo 60 kama daftari lako linavyoonyesha. Ila mahindi ya Julai mara nyingi hayajakauka sawasawa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13, hubaki na kilo kama 94. Kwa hiyo ya Julai nayo hayakuwa rahisi kama yalivyoonekana.

Sasa ulinganishe na nini? Siyo na Julai. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja. Mahindi hufurika sokoni katikati ya mwaka, na kifuku kikishika mengi yameshaliwa huku mapya yakiwa bado shambani. Kupanda ni lazima. Linganisha Januari na Januari zilizopita, tano ukizipata. Kama huna kumbukumbu za nyuma, tafuta bei za jumla zinazokusanywa na wizara ya viwanda na biashara, lakini hizo usizichanganye na rejareja zako. Kwenye Eksel chukua bei ya kilo ya mwezi huu, toa wastani wa Januari hizo, gawanya kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha jinsi bei hizo zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Ukipata 1 au zaidi, shtuka. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana kipimo cha jamii hiyo, ila chao hutazama kasi ya bei kupanda ndani ya robo mwaka na ndani ya mwaka; kuanzia 0.5 bei ni ya kuangaliwa, kuanzia 1 si ya kawaida.

Hata hivyo, bei kubwa siyo njaa. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi Zambia, serikali yao ikatangaza janga mwezi Februari, na Tanzania ikawauzia mahindi. Mahitaji ya ng'ambo ya mpaka wa Tunduma yanaweza kupandisha bei hapa huku ghala zetu zikiwa zimejaa. Waulize madalali malori yanaelekea wapi.

Mimi ningeongeza safu moja kwenye Eksel yako: ujira wa kibarua wa palizi kwa siku, ugawanye kwa bei ya kilo. Kama Julai alilipwa 6,000, alipata karibu kilo 11. Akilipwa hizohizo leo anapata 6, na hapo familia yake imebanwa hata kama soko limejaa. Andika pia bei ya ndizi za Rungwe na viazi mviringo. Mahindi yakipaa peke yake watu huhamia huko. Vyote vikipaa pamoja, kimbilio hakuna. Wanaopima usalama wa chakula kwa IPC, mfumo wa kimataifa wa kupanga ngazi za upungufu wa chakula, hawatangazi njaa kwa bei tu. Wanaangalia watu wanakula nini, wanauza nini ili wale, utapiamlo na vifo. Ukisikia wanachama wamekula mbegu au wameuza majembe, usingoje hesabu.

Kuhusu ghala, nisingegawa bure. Ningewauzia wanachama nusu kwa bei mliyonunulia, nikijumlisha dawa na magunia, kila kaya na kiwango chake, mahindi yapimwe kwa kilo. Nusu nyingine ibaki ya kuuza Februari hadi Machi, maana miezi hiyo huwa migumu, na kikundi kisipokuwa na fedha Juni kitanunua nini?