Grenda ya wati 2000 kwenye betri ya Hiace

Kaka, umeuliza kama inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 kwenye Hiace yako itaendesha grenda kubwa ya kukatia chuma ya wati 2000 ukiwa saiti Kigamboni. Haitaiendesha, usijaribu. Hata inveta ingekuwa kubwa, piga hesabu: wati 2000 gawanya kwa volti 12 za betri ni ampea 167 hivi, na inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo betri inakamuliwa kama ampea 185. Alteneta yako, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haiwezi kufidia hapo.

Mimi natumia grenda ndogo ya wati 850 kwa inveta ya wati 2000, maana mota ikianza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya kiwango chake. Injini naiacha inaunguruma, nakata dakika chache, napumzisha.

Ila kinachoponza mafundi wengi ni waya. Niliwahi kufunga waya mwembamba wa mita 3 kutoka betri. Nondo ya tano tu, nikaushika: plastiki imelainika kama nta, na inveta inapiga kelele kwamba volti zimeshuka. Kumbe betri ilikuwa nzima! Sasa nyaya zangu ni fupi, nene za milimita 50 za mraba, na fyuzi imekaa karibu kabisa na betri. Fyuzi usiiache, kaka, waya ukigusa bodi gari linaungua.

Funga betri ya pili kwa ajili ya kazi, ile ya kuwashia isiguswe. Hiyo grenda kubwa kodishia jenereta yenye nguvu ya kutosha kuiwasha.