Dagaa wameshaliwa, malipo hayaonekani

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa mwambaoni Mwanza. Tulipata zabuni ndogo ya kupeleka dagaa na maharage shule ya bweni. Mzigo ukapokelewa, watoto wakala. Sasa kila tukifuata hela, leo faili liko kwa mhasibu, kesho liko kwa mkurugenzi. Kijana mmoja wa pale akatunong'oneza tutoe "ya soda". Jirani anasema twende Tume ya Haki za Binadamu, lakini mimi najua ile ni ya watu waliopigwa au kufungwa bila kosa. Inahusika kweli na dagaa wetu? – Mama wa kikundi

JIBU: Marahaba mwanangu. Inahusika, na jirani yako kawashauri vizuri. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilirithi kazi za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza mwaka 1966, enzi za Mwalimu, kwa ajili ya mwananchi anayezungushwa na ofisi ya umma. Kazi hiyo ipo mpaka leo. Kupeleka lalamiko ni bure, na wakili si lazima.

Ila mjue mnachokwenda kuomba. Tume haitawaandikia hundi. Inaweza kulidai faili, kumwita ofisa ajieleze, kuwakalisha pamoja mpatane, kisha kutoa mapendekezo. Najua neno "mapendekezo" linavunja moyo. Lakini kumbuka wenzetu wa Nyamuma, kule Serengeti, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 2001. Tume iliwapa haki, Serikali ikakataa kutekeleza, shauri likafika Mahakama ya Rufani, nayo ikasema mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa mahakamani, yaani mahakama iamuru yatekelezwe. Walisubiri miaka, sitakudanganya. Hata hivyo karatasi ya Tume ina nguvu.

Lingekuwa suala la kunyimwa zabuni, njia ni nyingine kabisa: lalamiko kwa afisa masuuli, ambaye kwa halmashauri ni mkurugenzi, halafu Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na siku zake ni chache mno. Hiyo ya soda ni rushwa, ipelekeni peke yake TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Msiichanganye na barua ya madai, maana ofisi itajibu hilo moja na kuliacha deni. Na msitoe hata shilingi.

Sasa nenda kwenye karatasi. Nimefanya kazi kitengo cha ununuzi hadi kustaafu, na faili "lisiloonekana" mara nyingi lipo, limekwama kwa kukosa karatasi moja: ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji. Mtunza stoo alisaini hati yenu ya kupelekea mzigo, lakini kamati haikukaa, au ilikaa na mjumbe mmoja hakusaini. Bila hiyo mhasibu hawezi kulipa, na hakuna anayewaambia. Hili linaniuma sana, kwa sababu mtaji wa vikundi kama chenu mara nyingi ni mkopo wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na riba haisubiri sahihi ya mjumbe aliye safarini.

Kwa hiyo andikeni barua kwa mkurugenzi. Tajeni namba ya LPO, ile hati waliyowapa ya kuagiza mzigo, tarehe ya kupeleka, kilo zilizopokelewa na jina la aliyepokea, kisha ulizeni swali moja tu: ripoti ya upokeaji imesainiwa lini? Tengenezeni nakala mbili. Msimpe mtu mkononi koridoni. Nendeni masjala, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kila mkienda baada ya hapo, andikeni kwenye daftari la kikundi siku, aliyewahudumia na alichosema.

Wapeni wiki mbili. Wakinyamaza, chukueni nakala yenye mhuri, LPO, hati ya kupelekea, ankara na lile daftari, mwende ofisi ya Tume hapa Mwanza. Nendeni wawili, mwenyekiti na mweka hazina, na muhtasari wa kikao uliowatuma, ili asije mtu kusema hamna idhini ya wenzenu.