Mbona Gal4 haiwashi jeni za galaktosi wakati wote?

Swali: Ninafundisha biolojia katika sekondari moja hapa Tabora. Wanafunzi wangu, ambao baadhi yao kwao hutengenezwa wanzuki, yaani pombe ya asali, wameuliza: ikiwa protini ya Gal4 ndiyo inayowasha jeni za kutumia sukari ya galaktosi, na hamira inayo tayari, mbona haiziwashi wakati wote?

Jibu: Ndugu mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Ni rahisi kudhani kwamba Gal4 huifuata jeni pale galaktosi inapoingia. Lakini katika seli iliyokuzwa kwenye sukari kama rafinosi, bila glukosi wala galaktosi, Gal4 tayari imeshika DNA mbele ya jeni za GAL1, GAL7 na GAL10, ambazo ni majirani kwenye kromosomu ya 2. Hukaa mbili mbili, kichwa kikishika herufi CGG upande mmoja na CCG upande wa pili, katikati zikiwa herufi 11. Mkia wake ndio unaoita vyombo vya unakili, yaani vinavyonakili jeni kuwa RNA. Mwaka 1985 wanasayansi Roger Brent na Mark Ptashne waliipa Gal4 kichwa cha LexA, protini ya bakteria, badala ya kichwa chake yenyewe, na bado ikawasha jeni iliyowekewa mahali pa LexA kushika.

Kinachoizuia ni protini nyingine, Gal80, inayoufunika mkia huo. Galaktosi ikiingia, protini iitwayo Gal3 huishika pamoja na ATP (molekuli ya nishati ya seli), kisha huikamata Gal80, na mkia hubaki huru kufanya kazi. Unakili wa GAL1 huweza kupanda takribani mara 1,000.

Sasa turudi kwenye wanzuki. Sukari kuu za asali ni fruktosi na glukosi, na maadamu glukosi ni nyingi, protini iitwayo Mig1 hukaa ndani ya kiini cha seli ikishirikiana na protini za Tup1 na Ssn6 kuzima jeni nyingi, ikiwemo GAL1 na hata jeni ya GAL4 yenyewe. Ndiyo maana hata ukiongeza galaktosi kwenye chombo hicho, jeni hizo hazitawaka ipasavyo mpaka glukosi ipungue sana. Hapo kimeng'enya cha Snf1 huitia Mig1 fosfeti, nayo hutolewa nje ya kiini.

Ningependa wanafunzi wakae zaidi hapa, kwa sababu ndipo neno "mtandao wa jeni" linapopata maana. Jeni za GAL3 na GAL80 nazo huwashwa na Gal4, hivyo Gal4 ikishaamka huongeza kile kinachoiamsha na pia kile kinachoilaza. Vilevile huwasha GAL2, jeni ya mlango unaoingizia galaktosi, na sukari inayoingia huzidi kuichochea.

Kwa darasani, chukua hamira ya mkate, maji ya uvuguvugu na chupa mbili, moja yenye glukosi na nyingine galaktosi, kisha funga puto kwenye kila mdomo. Puto la galaktosi litachelewa sana, kwa kuwa seli lazima kwanza zitengeneze vimeng'enya vyake. Ongeza chupa ya tatu yenye sukari zote mbili: itajaa mapema, lakini waeleze kwamba gesi hiyo ya mwanzo imetokana na glukosi, wasije wakadhani kwamba jeni za galaktosi zimeshawaka.