Rozmeri inakauka na udongo umeloa, shida nini?

SWALI: Habari za kazi, mimi ndo naanza mambo ya bustani. Nilitoa rozmeri na mrehani nje nikaweka sebuleni, nikawa namwagilia kila siku, sasa mrehani umerefuka kama uzi na rozmeri inakauka. Nimekosea wapi tena?

JIBU: Pole sana. Unaona inakauka kumbe mizizi inaoza, maji yakijaa kwenye chungu mizizi inakosa hewa, haiwezi kunywa hata hayo maji yaliyopo. Achana na ratiba, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo umeng'ang'ania subiri kwanza, na chungu kiwe na matundu chini, hilo sibembelezi.

Mrehani wenyewe unatafuta mwanga, sisi macho yanazoea ila ndani kuna mwanga kidogo mno kuliko nje, usogeze dirishani upate jua masaa 6 hivi, kata ncha juu kidogo ya jozi ya majani utachipua pembeni. Geuza majani pia, ukiona utando kama wa buibui hao ni utitiri, vijidudu vidogo sana, osha na maji.

Ukirudisha nje usitoe ghafla majani yataungua, anza kivulini lisaa limoja mawili, ongeza taratibu kwa siku 7 mpaka 10.