Ukija Dodoma kuripoti Bunge, hoja ya kanuni ikisomwa usiende kunywa chai

Wadogo zangu mnaopangiwa Dodoma kwa mara ya kwanza, haya nayaandika kwa sababu juzi mwanafunzi mmoja wa fildi aliniuliza "bro hivi hii hoja ya kutengua kanuni tunaiandikaje, si waziri tu anasoma kikaratasi?" (yaani ombi la kuiweka kando kanuni ya Bunge kwa muda) nikacheka sana maana na mimi nilikuwa hivohivo.

Mwaka wangu wa kwanza, bunge la bajeti, maswali na majibu yameisha, waziri akasimama akaanza kusoma "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa... na kwa kuwa..." mi nikaona huu usingizi, nikashuka kantini kupiga chai na chapati mbili. Narudi nakuta wenzangu wanaandika kama wanafukuzwa, kumbe kile kikaratasi kilikuwa kinaomba muswada uliotegemewa baadae umalizwe hatua zote mkutano uleule. Mhariri akapiga simu, akauliza swali moja tu: "ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa tuanzie hapo. Kwa kawaida muswada wa serikali unasomwa mara ya kwanza, hapo hakuna mjadala, unaenda kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, halafu mkutano mwingine ndo unakuja kusomwa mara ya pili: waziri anatoa hoja, kamati inasoma maoni yake, kambi rasmi ya upinzani kama ipo inasoma ya kwake, wabunge wanachangia, waziri anajibu, mnaingia Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wanakaa kama kamati, kifungu kwa kifungu, kisha mara ya tatu basi imepita. Muswada ukija na hati ya dharura, yaani karatasi yenye saini ya Rais ya kuomba upite haraka, safari yote hiyo inafinywa. Na kanuni yoyote nyingine inayozuia, kama ya muda wa kukaa au siku za vikao, inatenguliwa kwa hoja, wabunge wanahojiwa, ndiyo, siyo, imeisha. Tatizo ni kwamba nyingi ya hoja hizo ni za kawaida kabisa, tuongeze muda, tukae Jumamosi, ndo maana mnazizoea na kusinzia, halafu siku ile moja yenye nyama ndani inakupita.

Angalia historia. Aprili 2011 muswada wa mabadiliko ya katiba uliletwa kwa hati ya dharura, tena umeandikwa Kiingereza, watu wakaja juu kwenye ukumbi wa Karimjee na Dodoma, ukarudishwa, ukaja kupita Novemba mwaka huohuo na bado CHADEMA wakatoka nje. Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi ikaja kwa dharura, upinzani wakasimama kupinga utaratibu mpaka baadhi wakasimamishwa vikao. 2017 ile mitatu ya rasilimali na madini iliingia mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai ilishapita. Kote huko ukisoma stori za siku ile utaona ugomvi mkubwa wa mwanzo haukuwa kifungu namba fulani, ulikuwa tupewe muda gani na nani asikilizwe.

Ila darasa lenyewe, mtu akitaka kuelewa hii kitu namwambia asome Bunge Maalum la Katiba la 2014, lile lililokaa kupitisha katiba mpya. Lilianza 18 Februari, wabunge wote wa Muungano, wawakilishi wa Zanzibar, na wengine 201 walioteuliwa na Rais, mwenyekiti wa muda Pandu Ameir Kificho. Raia walidhani wiki ya kwanza watasikia ubishi wa Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Wapi! Karibu mwezi mzima ukaishia kwenye kanuni. Kulikuwa na kamati ya kuandaa rasimu ya kanuni chini ya Profesa Costa Mahalu, na kitu kilichokwamisha kilikuwa kimoja tu, kura ya ibara ipigwe ya siri au ya wazi.

Mtu mgeni anaona ni ubishi wa kitoto lakini tulia uhesabu. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa Bara NA theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake. CCM walikuwa wengi, lakini ndani yao wapo ambao kimoyomoyo walikuwa na serikali tatu za rasimu ya katiba iliyoandaliwa na tume ya Jaji Warioba, hasa upande wa Visiwani ambako wajumbe wachache tu wakigeuka hesabu inavunjika. Kura ikiwa wazi chama kinaona nani kanyoosha mkono, ikiwa siri kila mtu na roho yake. Kwa hiyo CCM wakataka wazi, upinzani wakataka siri, na kila upande ulijua kabisa kwamba hapa ndo katiba inaamuliwa, sio kule mbele kwenye ibara. Ilibidi kanuni zipitishwe huku hilo likiwekwa kiporo, Samuel Sitta akachaguliwa mwenyekiti na Samia Suluhu Hassan makamu wake, kisha kiporo kikaja kupashwa moto kwa suluhu ya ajabu kidogo: kura zote mbili, kila mjumbe achague mwenyewe ya siri au ya wazi. Mi niliona hiyo ni ushindi wa CCM uliovaa kanzu ya maridhiano, maana ukichagua siri peke yako kwenye kundi lililochagua wazi si ushajitangaza? Lakini hayo mawazo yangu, msiyaandike kama habari.

Baada ya hapo hata mpangilio wa nani aanze kuongea ukawa vita. Jaji Warioba akawasilisha rasimu 18 Machi, Rais Kikwete akahutubia 21 Machi, na wapo mpaka leo wanaosema aliyeongea mwisho ndiye aliyeondoka na masikio ya watu. 16 Aprili UKAWA, umoja wa wapinzani, wakatoka, Profesa Lipumba wa CUF mbele. Waliobaki wakaendelea, na Septemba kanuni zikaguswa tena ili wajumbe walio nje ya Dodoma waweze kupiga kura hukohuko waliko, wakiwemo waliokwenda Makka kwa hija. Fikiria hilo, kila kura ya Zanzibar ilikuwa dhahabu ndo maana kanuni ikasafiri mpaka Saudia kuifuata. 2 Oktoba matokeo yakatangazwa, theluthi mbili imepatikana pande zote. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika.

Kitu kingine wageni wanachokosea: kuandika kwamba mbunge aliyesema ndiyo kwenye hoja ya utaratibu anaunga mkono muswada. Hapana. Anaweza kutaka ujadiliwe leo ili auue leo, au anafuata chama tu. Marekani hili wanalo waziwazi, Baraza la Wawakilishi linapiga kura ya azimio la utaratibu kabla ya kujadili muswada, saa ngapi, marekebisho yapi yaruhusiwe, na kwa kawaida chama chenye wengi wanapiga pamoja hata wasioupenda muswada. Juni 2023 kikundi cha Republican kikagomea azimio la chama chao, likaanguka 206 kwa 220, mara ya kwanza tangu 2002, na walichokuwa wanagombana nacho hakikuwa hata miswada ya majiko ya gesi iliyokuwa mezani siku hiyo, walikuwa na hasira na Spika wao kuhusu deni la taifa. Aprili 2024 ikawa kinyume, azimio la misaada ya Ukraine lilipita 316 kwa 94 na Democrats walioliunga mkono walikuwa wengi kuliko Republican wenyewe.

Mambo ya mkononi sasa. Jifunze tofauti ya wanaosimama: "kuhusu utaratibu" anadai kanuni imevunjwa sasa hivi na lazima aitaje, "mwongozo" anaomba ufafanuzi wa Spika, "taarifa" anampa mchangiaji habari na mchangiaji anaweza kusema siipokei. Ukichanganya hizo tatu kwenye stori watu wa Bunge watakucheka wiki nzima. Pili akidi, idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo: ni nusu ya wabunge wote wakati wa maamuzi, kwa hiyo Spika akianza kuhoji we acha kuangalia simu, angalia viti. Tatu, kura ya sauti haina namba, Spika anasikiliza tu anasema walioafiki wameshinda, na ukifungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, baadae utakuta mstari mmoja kwenye mabano, "Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa", kelele zote ulizosikia hamna. Kwa hiyo andika mwenyewe saa ngapi imehojiwa, nani kasimama, nani katoka nje na nani karudi.

Chapati za kantini usijali, huwa zipo mpaka saa saba.