Tantini, paka wangu anaogopa mbwa, kuku, hata daktari

*Tantini, jambo sana. Tangu kiangazi kianze nimehamia Lubumbashi kutoka Kolwezi, nakaa kwa kaka yangu mkubwa huku Katuba. Nimekuja na paka wangu, Shefu, dume la miaka mitatu. Kolwezi tulikuwa sisi wawili tu, chumba kimoja. Hapa kwenye parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, kuna mbwa wa kaka, kuna paka jike wa wifi yangu, kuna kuku. Shefu anashinda juu ya kabati, anashuka usiku tu. Juzi juzi alikojoa juu ya valizi ya wifi, sanduku lake la nguo. Wifi anasema paka huyu ana kisirani, paka wa kawaida hatoi watu macho namna ile, heri nimpe mwenye depo ya unga sokoni amkamatie panya. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya mfuko wa unga, kwa moto, pikipiki ya abiria. Akautoboa mfuko, akanikwaruza mkono, na daktari naye akamkaba shingo kwa nyuma hadi akajikojolea. Tangu hapo hata mimi ananikimbia. Nifanye nini?*
*Mama Shefu, Katuba*

Mama Shefu, jambo mwanangu. Naanza na valizi, maana hapo kuna jambo la haraka kuliko unavyodhani.

Paka hakojolei kitu cha mtu ili amkomoe. Hesabu hizo ni zetu sisi. Dume anayekojoa mahali pasipo pake ana hofu, au anaumwa njia ya mkojo, au vyote viwili, kwa sababu kibofu cha paka huweza kuvimba kwa wasiwasi mtupu, bila kijidudu chochote. Sasa usiku huu akishuka, mtazame. Akichuchumaa, akainuka, akarudi kuchuchumaa tena na hakitoki kitu, au yanatoka matone yenye damu, usingoje. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba; ikiziba, paka anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Hapo yote nitakayoandika chini kuhusu kwenda polepole yaweke kando, mvingirishe ndani ya taulo uende. Lakini kama mkojo unatoka mwingi na vizuri, kosa lake ni mahali tu, basi nafasi ya kuongea tunayo.

Hukuniambia Shefu huenda wapi haja. Nadhani ni uani, na uani yuko mbwa. Basi jiulize mwenyewe, ungekuwa wewe ungepita? Tafuta beseni mbili pana, tia mchanga au pumba za mbao kutoka kwa seremala, moja iwe chumbani kwako, nyingine mahali pengine tulivu ndani ya nyumba. Zisikae karibu na chakula. Kanuni ya madaktari ni beseni moja kwa kila paka na moja ya akiba, kwa hiyo kama jike wa wifi naye anajisaidia ndani, ziwe tatu. Toa uchafu kila siku. Valizi uioshe kwa sabuni na siki. Maji ya Javel, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, usiguse, harufu yake huwavuta paka wengine warudi palepale. Na hukusema kama amehasiwa. Dume asiyehasiwa huweka alama kwa mkojo, tena kwenye nyumba yenye jike ataweka kwa bidii. Asipohasiwa, kabla mvua hazijaisha wifi atakuwa na watoto wa paka wa kugawa.

Mkono wako sasa. Paka akikuuma, au akikukwaruza mpaka ngozi ikapasuka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Huku kwetu ugonjwa huo upo, na ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona. Kama zimepita siku 10 tangu akukwaruze, na Shefu bado mzima na anakula, basi hakukuambukiza siku ile. Kama hazijapita, nenda leo. Na Shefu apate chanjo yake, ndiyo sababu mojawapo ya wewe kurudi kwa daktari hata kama hutaki.

Najua hutaki. Kurudi huko kunaanzia chumbani kwako, leo, muda mrefu kabla ya safari.

Mfuko wa unga usirudie. Ndani ya mfuko paka haoni kitu, vumbi linamwingia puani, moto inamrusha, na kila ukimkumbatia ili asitoke anaona anabanwa. Nunua vikapu viwili vya plastiki vya nguo, vile vyenye matundu, sokoni vipo; kimoja kiwe chini, kingine ukipindue juu yake, ufunge kwa kamba pembeni. Kabla ya kukifunika kabisa, weka kile cha chini peke yake sakafuni, kona ya chumba, na ndani yake kitambaa alichozoea kulalia. Usikifue. Harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Kila jioni tupia ndani ndakala, vile visamaki vikavu, mbili tatu, ugeuke ukafanye kazi zako. Mara ya kwanza atanyoosha shingo, atanyakua moja, atakimbia nayo. Mwache. Akianza kuzila humohumo, weka cha juu bila kufunga. Akizoea, funga kwa muda wa kumaliza ndakala moja, fungua. Halafu inua, shusha. Halafu zunguka naye parsele wakati mbwa amefungwa. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, na ukiruka hatua moja utazirudia zote, kwa hiyo tulia.

Kwa daktari usimpakie tena moto. Mwombe kaka akutafutie teksi, au mtu mwenye gari. Mfunike kikapu kwa kitenge, shika magotini. Asipewe chakula kingi kabla ya safari, wengi hutapika. Na piga simu mapema. Lubumbashi hatuna ukame wa veterineri, chuo kikuu chetu kina kitivo kizima cha tiba ya mifugo, lakini wengi wao siku zao zinapita kwa mbwa, ng'ombe na mbuzi, na paka mwoga wakimwona wanamshika kama wanavyoshika mbuzi. Uliza saa ambayo hakuna mbwa. Ukikuta mbwa, kaa nje kivulini mpaka uitwe. Kikapu kisiwekwe chini kabisa. Paka aliye chini huku mbwa wanapita juu ya kichwa chake ameshakata tamaa kabla ya kuguswa. Weka kwenye benchi.

Ukiingia, sema kwa heshima, lakini sema: "Docta, nakuomba, huyu anaogopa sana. Tuondoe cha juu tu, abaki ndani ya kikapu, mimi nitamfunika kichwa kwa kitenge, wewe umpime huko nyuma." Daktari mzuri atakubali, na kazi itamwishia haraka kuliko kupigana. Asipokubali, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye shingo, una haki ya kufunika kikapu chako na kutafuta mwingine. Kuna pia dawa ya kutuliza ambayo daktari anaweza kukupa umpe paka nyumbani, muda wa saa 2 au 3 kabla ya kutoka. Muulize. Wewe mwenyewe usimpe kidonge chochote cha watu, na sana sana usimpe paracetamol: ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja tu kinatosha kumuua.

Mbwa sasa. Hapo unaomba kitu kwa kaka yako, na ni kitu kimoja: mbwa afungwe, kwa muda. Watu hufanya kinyume, humshika paka mikononi wakampeleka mbele ya mbwa "wajuane". Paka asiye na pa kukimbilia hajifunzi kitu isipokuwa kwamba mikono yako ni mtego. Mpe chumba chako kiwe chake kwanza, na mlango umefungwa. Chukua kitambaa ukisugue kwa mbwa, ukiweke karibu na sahani ya Shefu, si chini yake. Kingine kisugue mashavuni kwa Shefu, maana mashavu ya paka yana tezi za harufu anayoachia vitu vya nyumbani kwake, ukipeleke kwa mbwa. Siku zikipita, wape chakula pande mbili za mlango uliofungwa. Baadaye fungua kidogo, mbwa yuko mbali, amefungwa kamba, kuna mtu amemshika. Kipimo chako ni sahani: Shefu akiendelea kula, umbali unafaa, akiacha kula akaganda, mmesogea mno, rudisheni mbwa nyuma. Na usihofu sana mbwa anayebweka. Yule anayenyamaza, amekaza mwili, hamwondolei paka macho, huyo ndiye usimwache naye peke yake hata wakizoeana.

Kabati liache. Sikia vizuri: usimshushe kamwe. Juu ndiko anakopimia hatari, na akijua kwamba njia ya juu ipo ndipo atakapothubutu kukaa chini. Kama kaka yako ana ubao na misumari, mwombe rafu mbili ukutani, kutoka dirishani hadi kabatini, basi Shefu atavuka chumba bila kugusa sakafu.

Kwa jike wa wifi fanya hivyohivyo, ila tarajia muda mrefu zaidi, hata miezi, na usidai urafiki. Paka wawili wanaopishana koridoni bila kukoromeana wameshaelewana. Kila mmoja sahani yake, mbali na mwenzake. Kuku sina maneno nao, isipokuwa mwenye vifaranga: huyo atamfukuza Shefu mpaka barabarani. Na Shefu akila kifaranga kimoja tu, wifi atakuwa na kesi ya kweli, hata mimi nitakuwa upande wake.

Kuhusu wewe kukimbiwa: ulirudi kutoka kwa daktari ukinuka dawa na mbwa wa watu, na mikono yako ndiyo iliyomtia mfukoni. Usimfuate. Kaa sakafuni, mgeuzie ubavu, shika simu yako au shona. Akikutazama, funga macho polepole, fungua, tazama pembeni. Kwa paka huo ni upole, kumkodolea ni vita. Atakuja. Lakini usitegemee awe paka wa kubebwa na kila mgeni. Paka hujifunza kuwazoea watu na wanyama wengine hasa akiwa mdogo, kati ya wiki ya 2 na ya 7, na wako amekulia chumba kimoja na mtu mmoja.

Hilo la kisirani usilijibu kwa hoja. Umekaa kwa wifi, si yeye aliyekaa kwako. Valizi ioshe mbele yake, na kama nguo zimeharibika, lipa, hata kidogokidogo. Kisha siku moja mkichambua matembele, mwonyeshe macho ya Shefu kwa mbali. Paka akiogopa, mboni inapanuka inajaza jicho zima jeusi, hata saa sita mchana jua likiwaka. Ndiyo yale macho anayoyaona yeye. Ukimweleza hivyo bila kumcheka, ataanza kuyaona tofauti, au hataanza, lakini angalau atakuwa amesikia kutoka kwako na si kwa majirani, na majirani wa Katuba unawajua. Halafu mwombe yeye ndiye awe anatupa ndakala ya jioni: afungue mlango, atupe, afunge, aondoke. Asiseme na paka, asimtazame. Paka huanza kumpenda anayemletea chakula bila kumdai kitu, na mtu naye huanza kumhurumia anayemsubiri mlangoni. Tena wifi akishakuwa upande wako, kumwambia kaka afunge mbwa wake ni kazi ya wifi, si yako.

Depo ya unga hapana. Kwenye depo panya huwekewa sumu, na paka anayekula panya mwenye sumu anaweza kufuata njia hiyohiyo. Halafu paka mwoga hawindi kwenye kelele: malori yakianza kushusha magunia asubuhi ya kwanza, Shefu atatoka kwa mlango wowote ulio wazi, na wewe utamtafuta soko zima. Kama mvua za Novemba zitakukuta na bado Shefu hali kwenye sahani yake hata mbwa akiwa mbali, tutasema parsele hiyo haimfai, na si aibu kwako. Hapo mtafutie nyumba ya mtu mzima anayeishi peke yake, asiye na mbwa. Mpeleke na vikapu vyake na kitambaa chake, na mwambie mwenyeji asimfungulie mlango wa nje wiki tatu za kwanza.

Tantini